Neno "na" katika lugha za kubuni za Ulaya: asili, matamshi na mgogoro wake

Utangulizi

Katika kila lugha yako maneno ambayo msemaji huyatumia mara mia kwa siku bila kuyatazama hata mara moja. Kiunganishi ni mojawapo. Mtu akisema "mkate na maji", fikira yake iko kwenye mkate na kwenye maji. Ile silabi moja iliyo katikati hupita kama hewa. Lakini anayeibuni lugha upya hana ruhusa ya kuipita hivyo. Hana budi kukaa chini na kuamua: neno hili litakuwa lipi, litatoka wapi, na litatamkwaje? Hapo ndipo kijineno kinapofichua mengi kuliko ukubwa wake.

Kati ya mwaka 1879 na mwaka 1951, Ulaya na wataalamu waliofuata nyayo zake huko Marekani walitoa lugha nyingi za kubuni, kila moja ikitumaini kuwa chombo cha mataifa yote. Makala haya yanachunguza neno moja tu ndani ya lugha hizo, yaani neno lenye maana ya "na". Yanakusudia kuonyesha kwamba takriban wabunifu wote walielekea kwenye irabu moja, "e"; kwamba mmoja tu kati ya wale mashuhuri alikwenda njia nyingine, akachukua "kaj"; na kwamba "kaj" ndilo linalotamkwa leo na watu wengi zaidi, ingawa hoja za wataalamu zilikuwa dhidi yake. Sababu ya jambo hilo haimo katika neno lenyewe. Imo katika swali la nani mwenye mamlaka juu ya lugha.

1. Chimbuko la "e"

Neno la Kilatini lenye maana ya "na" lilikuwa "et". Lina undugu na neno la Kigiriki "eti", lenye maana ya "bado" au "tena", na pia neno la Kisanskriti "ati". Kilatini kilipogawanyika na kuzaa lugha mpya, ile "t" ya mwisho ilipotea vinywani. Kiitalia kikabaki na "e", Kireno vilevile "e", na Kihispania kikawa na "y", ambayo hurudi kuwa "e" inapofuatwa na sauti ya "i". Kiromania peke yake kiliacha njia hiyo kikachukua "și", litokanalo na neno lingine la Kilatini, "sic".

Msomaji wa Kongo, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, anaijua habari hii kwa kalamu yake mwenyewe. Anaandika "et" kwa herufi mbili, lakini anatamka "e". Tena, hiyo "t" haisikiki hata pale neno linalofuata linapoanza na irabu, ingawa katika maneno mengine mengi Kifaransa huifufua konsonanti ya mwisho mahali kama hapo. Maandishi yamehifadhi mfupa. Nyama yake ilikwisha zamani.

Kiitalia kina namna nyingine ya kukabili tatizo hilo. Irabu moja ikiwekwa mbele ya irabu nyingine huelekea kumezwa. Kwa hiyo Mwitalia huweza kusema "ed" badala ya "e" pale neno linalofuata linapoanza na irabu, hasa ikiwa ni "e". Jambo hili dogo lafaa kukumbukwa, kwa kuwa lugha za kubuni ziliurithi ugonjwa huu pamoja na dawa yake.

2. Schleyer na lugha ya Volapük

Johann Martin Schleyer alikuwa padri Mkatoliki huko Litzelstetten, karibu na mji wa Konstanz, Ujerumani. Mwaka 1879 alitangaza lugha yake, Volapük, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake. Mashina mengi ya maneno aliyatoa katika Kiingereza na Kijerumani, akiyakata na kuyageuza kiasi ambacho mwenye lugha hayatambui tena. Katika Volapük mkate ni "bod" na maji ni "vat". Lakini kiunganishi hakukitoa katika "and" wala "und". Alichagua "e", na mbele ya irabu "ed", umbo lilelile alilo nalo Mwitalia. "Mkate na maji" ikawa "bod e vat".

Volapük ilienea upesi sana. Mikutano yake mikuu ilifanyika Friedrichshafen mwaka 1884, München mwaka 1887 na Paris mwaka 1889. Ule wa Paris uliendeshwa kwa lugha yenyewe. Ndipo ugomvi ukazuka. Auguste Kerckhoffs, aliyeongoza Akademia ya lugha hiyo, alitaka irahisishwe. Schleyer alishikilia kwamba lugha ni mali yake na kwamba neno lake ndilo la mwisho. Wafuasi wakagawanyika, na kwa miaka michache jengo lote likaporomoka. Akademia iliyobaki iliendelea kufanya marekebisho hadi ikatoa mwaka 1902 lugha tofauti kabisa iliyoitwa Idiom Neutral. Maneno karibu yote yalikuwa yamebadilishwa, ila kiunganishi kilibaki "e".

3. Zamenhof na "kaj"

Ludwik Lejzer Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, uliokuwa chini ya dola ya Urusi na ambao leo umo nchini Poland. Katika mji huo Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi mtaa kwa mtaa, kila kundi na lugha yake, na mara nyingi kila kundi na chuki yake. Alisoma Kigiriki na Kilatini katika shule ya sekondari huko Warsaw. Mwaka 1887 alichapisha kitabu kidogo cha lugha yake kwa Kirusi, akitumia jina la kubuni la Daktari Esperanto, yaani "mwenye kutumaini". Jina la mwandishi likawa jina la lugha.

Sehemu kubwa ya msamiati wa Kiesperanto yatoka katika lugha zilizozaliwa na Kilatini na katika Kijerumani na Kiingereza. Kwa kiunganishi, hata hivyo, Zamenhof alikwenda kwa Wagiriki wa kale akachukua "kai", akaliandika "kaj". Mkono wa Kigiriki haukuishia hapo. Wingi wa majina katika Kiesperanto huishia na "-oj" na wa vivumishi na "-aj", miisho inayofanana mno na "-oi" na "-ai" za wingi katika Kigiriki cha kale.

Matamshi ya neno hili yanahitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili, kwani herufi zake zinaweza kumpoteza. "J" ya Kiesperanto si ile ya "jambo" bali ni sauti ya "y" ya "yai". "Kaj" basi hutamkwa kama "kai", lakini kwa silabi moja, pumzi moja. Hapo ndipo ugumu ulipo. Katika Kiswahili kila irabu hubeba silabi yake: "tai" na "chai" ni maneno ya silabi mbili, na mshairi huyahesabu kwa mizani mbili. Mswahili akilitamka "kaj" kwa desturi yake atasema "ka-i". Kosa hilo katika "kaj" pekee ni dogo, lakini katika maneno marefu huleta madhara, kwa sababu Kiesperanto, kama Kiswahili, huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "bonaj", yaani "wazuri", lina silabi mbili na mkazo uko kwenye "bo". Anayelihesabu kuwa na silabi tatu atauhamisha mkazo hadi kwenye "na", na msikilizaji atashangaa.

Kwa upande mwingine, "kaj" lina nguvu ambayo "e" haina. Lina konsonanti mbele, nayo "k" hulitenga na irabu iliyotangulia. Na sauti ya "y" nyuma hulitenga na irabu inayofuata. Katika "pano kaj akvo", yaani mkate na maji, hakuna irabu inayomezwa, wala hapahitajiki umbo la pili la akiba. Inafaa kusema kwamba Wagiriki wa leo wenyewe hawana tena faida hiyo. Wanaandika "kai" kama zamani, lakini wanatamka "ke", na mbele ya irabu mara nyingi "ki". Kwa hiyo matamshi ya kale ya neno hili, yaliyokwisha katika nchi yake, yanasikika upya katika lugha iliyobuniwa Warsaw.

Jambo jingine laonekana pia. Kigiriki cha kale hakikuwa lugha ya kundi lolote kati ya yale yaliyogombana mjini Białystok. "I" ni ya Warusi na Wapolandi, "und" ni ya Wajerumani. "Kaj" haikuwa ya mtu.

4. Hoja dhidi ya "kaj"

Shutuma hazikuchelewa. Ya kwanza ilihusu sauti. Kwa kuwa vivumishi vya wingi huishia na "-aj", orodha ndefu hulirudisha sikio palepale: "bonaj kaj belaj kaj novaj". Ya pili ilihusu asili: kati ya mataifa makubwa ya Ulaya, hakuna hata moja linalotumia neno hilo.

Zamenhof alizisikiliza shutuma. Mwaka 1894 alitoa mapendekezo ya kuirekebisha lugha yake, na ndani yake "kaj" lilitoweka likaachia nafasi "e". Kisha akafanya jambo ambalo Schleyer hakulifanya. Aliyapeleka mapendekezo yake kwa wasomaji wa gazeti la lugha hiyo ili wapige kura. Kura 157 zilitaka lugha ibaki ilivyo. 107 zilitaka mabadiliko ya namna moja au nyingine. Mbunifu akashindwa na wanafunzi wake, akakubali kushindwa. "Kaj" likabaki.

Mnamo Agosti 1905, katika mkutano mkuu wa kwanza wa dunia uliofanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, uamuzi huo ulipata nguvu ya sheria. Kitabu kiitwacho Fundamento de Esperanto kilikubaliwa kuwa msingi usioguswa na mtu yeyote, hata mwanzilishi mwenyewe. Ndani ya kamusi yake ndogo, "kaj" limo pamoja na maana yake kwa Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kirusi na Kipolandi.

5. Ido na wataalamu

Miaka miwili baadaye "kaj" lilishitakiwa tena, safari hii mbele ya wanazuoni. Louis Couturat na Léopold Leau walikuwa wameunda mwaka 1901 ujumbe wa kuchagua lugha moja ya msaada kwa mataifa. Mnamo Oktoba 1907 kamati yake ilikutana Paris. Miongoni mwa waliokaa humo walikuwa mwanakemia Wilhelm Ostwald na wanaisimu Otto Jespersen na Jan Baudouin de Courtenay. Kamati ilikikubali Kiesperanto kwa sharti kwamba kirekebishwe kwa kufuata mradi uliowasilishwa chini ya jina la "Ido". Mwaka uliofuata Louis de Beaufront, yule yule aliyekwenda mbele ya kamati kukitetea Kiesperanto, alijitangaza kuwa ndiye mwenye mradi huo. Uchungu wa jambo hilo haukupona kwa muda mrefu.

Kanuni ya Couturat ilikuwa ya hesabu. Neno bora ni lile linalotambulika tayari na watu wengi zaidi katika lugha sita: Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kiitalia, Kihispania na Kirusi. "Kaj" likiwekwa kwenye mizani hiyo halina uzito wowote, maana halimo katika hata moja. "E" hutambulika kwa Mfaransa, kwa Mwitalia na kwa Mhispania. Ido basi ikachukua "e", na mbele ya irabu "ed": "pano ed aquo". Hivyo wataalamu wa mwaka 1907 walirudi, kwa njia ya hesabu, kwenye jozi ileile aliyoiandika padri wa Litzelstetten mwaka 1879.

Wengine nao walipita barabara hiyohiyo. Mwanahisabati Giuseppe Peano, katika Kilatini chake kisicho na minyambuliko cha mwaka 1903, alibaki na "et" ya kale. Edgar de Wahl, mmoja wa wale waliotaka mageuzi mwaka 1894 na waliokiacha Kiesperanto baada ya kura ile, alitoa lugha ya Occidental mwaka 1922 huko Tallinn. Humo "na" ni "e". Jespersen aliiacha Ido akatoa Novial mwaka 1928. Humo pia "e". Mwaka 1951 chama kimoja cha wataalamu huko New York kilitoa Interlingua, chini ya uhariri wa Alexander Gode; "pan e aqua" ndiyo "mkate na maji" yake.

Kwa kipimo cha hoja, basi, kesi ilikwisha. Mbunifu baada ya mbunifu, kwa vipimo mbalimbali, walifika kwenye irabu moja. Hata Zamenhof alifika hapo mwaka 1894.

6. Kwa nini "kaj" lilibaki

Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliuliza kama lugha ya kubuni inaweza kuikwepa sheria inayozitawala lugha zote. Maoni yake yalikuwa kwamba aliyeiunda lugha huitawala madamu haijaingia katika matumizi ya watu. Ikisha kuingia, humtoka mikononi. Historia ya "kaj" ni ushahidi wa maneno hayo. Kufikia mwaka 1907 watu walikuwa wamekwisha kuandikiana barua, kuchumbiana na kuzika wenzao kwa lugha yenye "kaj". Kuambiwa kwamba "e" ni bora kulikuwa kama kumwambia mtu kwamba jina la mama yake lingefaa zaidi likifupishwa.

Baadaye neno hilo lilipita katika moto. Katika miaka ya 1937 na 1938 wasemaji wengi wa Kiesperanto waliuawa au kufungwa katika Umoja wa Kisovyeti. Wanazi walivipiga marufuku vyama vyao, na watoto wote watatu wa Zamenhof waliuawa: Adam mwaka 1940, Zofia na Lidia mwaka 1942. Lugha iliyobebwa namna hiyo haibadilishwi tena kwa sababu ya kanuni ya hesabu. Kila aliyetaka kuiboresha alikuta kwamba mlango umefungwa, si na wataalamu, bali na wafu na wazao wao.

7. Kipimo kutoka nje ya Ulaya

Ni desturi ya kale ya wabunifu wa lugha kuonyesha kazi yao kwa kutafsiri Sala ya Bwana. Katika karibu tafsiri hizo zote, ombi la msamaha huanza na kiunganishi: "e" kwa Volapük, Ido, Occidental na Interlingua, "et" kwa Peano, "kaj" kwa Zamenhof. Lakini katika sala hiyo kama ilivyozoeleka kwa Kiswahili sanifu, mahali hapo hapana "na". Ombi huanza moja kwa moja na kitenzi katika dhamira tegemezi, nacho chatosha.

Tofauti hii si ya bahati. Kiswahili huunganisha majina kwa "na", lakini matukio huyafuatanisha kwa njia nyingine: kwa kiambishi "-ka-" katika masimulizi, kama "akaja, akaketi, akala", au kwa kuvipanga vitenzi vya ombi kimoja baada ya kingine. Kinyume chake, "na" hiyohiyo hubeba pia maana ya kuwa pamoja na mtu, na humtaja mtenda katika "alipigwa na mvua". Kazi hizo Kiesperanto huzigawa kwa maneno mengine, "kun" na "de". Tena "na" hujishikiza kwa jirani yake: "nami", "nawe", "naye".

Hapo ndipo hesabu ya Couturat inapoonekana ilivyokuwa fupi. Wabunifu walibishana kwa miongo mingi kama neno liwe "e", "et" au "kaj". Kwamba neno moja lazima lifunge majina na sentensi pia, hilo hawakubishania, kwa sababu lugha zote walizozihesabu zilikuwa zimekwisha kukubaliana nalo. "Kimataifa" kwa maana yao kilikuwa kimataifa cha nyumba moja.

Hitimisho

Mnamo Agosti 2024 mkutano mkuu wa dunia wa Kiesperanto, wa 109 kwa hesabu, ulifanyika Arusha, Tanzania. Ulikuwa wa kwanza katika bara la Afrika. Katika mji huo, ambamo watu husema "na" kuanzia asubuhi hadi usiku, wageni na wenyeji wa mkutano walisema "kaj": neno la Kigiriki cha kale, lililochaguliwa na mwanafunzi wa Warsaw, likakataliwa na kamati ya Paris.

Funzo lake kwa wanafunzi wa Kiswahili si dogo. Nao wanajua habari ya lugha iliyosanifishwa na kamati tangu mwaka 1930, na habari ya vinywa vya watu huko Lubumbashi, Bukavu au Kisangani visivyofuata kila uamuzi wa kamati. Kamati ina kazi yake ya haki: kuandika, kupanga, kufundisha. Lakini neno fupi lililokwisha kuzoeleka haliulizi asili yake wala wingi wa wanaolitambua kabla ya kulisikia. Hudumu kwa sababu jana lilisemwa, na leo linasemwa tena.